Ukienda Jangwani Kutazama Ndege, Anza na Maji

Toleo lililopita niliandika aya moja kuhusu Chalbi, lile jangwa la Kaunti ya Marsabit, nikasema anayetaka kuwajua ndege wa Kenya asiishie Nakuru na Naivasha. Aya moja tu, na barua zimemiminika. Nimechagua tano. Kwa wasionijua: nilikuwa dereva wa malori ya mifugo kati ya Isiolo na Moyale enzi za vumbi, kabla ya lami, tulipokuwa tukisafiri kwa msafara wenye askari. Gari likikuharibikia Dida Galgalu, lile jangwa la mawe kaskazini mwa mji wa Marsabit, unakaa papo hapo hadi mwenzako apite na spea, na mtu aliyekaa kutwa kwenye yale mawe meusi ama atalala ama ataanza kutazama ndege. Mimi usingizi wa mchana sina.

Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili hapa Nakuru, wengi wetu walimu. Tumezoea matembezi ya Jumamosi kando ya ziwa. Februari tunataka kwenda Chalbi. Mwenzetu mmoja amepanga tuendeshe gari kutwa nzima ili tulimalize jangwa lote. Mwingine anasema tuchague mahali pamoja tukae. Tumsikilize nani? – Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, msikilizeni wa pili. Huyo wa kulimaliza jangwa mpeni kazi ya kuhesabu mitungi ya maji.

Nchi ile unaweza kuendesha saa nzima usione ila kunguru wawili na mbuni anayekata mbio, halafu ukafika penye chemchemi ukakuta mabawa yanapishana juu ya kichwa chako. Sababu ni chakula. Firigogo (ndege wa ardhini wa umbo la njiwa, kwa Kiingereza sandgrouse), njiwa na shomoro wanaishi kwa mbegu kavu, na mbegu kavu haikati kiu. Lazima wanywe. Anayekula wadudu na mijusi anapata umajimaji humo humo, kwa hiyo huyo kisimani hamtamwona sana. Basi kabla ya kuandika ratiba ulizeni maji yako wapi mwezi huo, na ndege gani hunywa saa ngapi. Februari mmechagua vizuri kwa kuwa ni kiangazi. Mvua ikishanyesha kila bonde lina dimbwi, na firigogo hutawanyika. Tena Chalbi ilikuwa ziwa zamani za kale, na ikipata mvua kubwa hurudia tabia yake: ule uwanda wa chumvi hugeuka tope, na gari likizama humo hakuna mti hata mmoja wa kufungia kamba.

Njia yenyewe si ngumu siku hizi. Nairobi hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 500, lami tupu. Laleni Marsabit, msijifanye mashujaa. Asubuhi ulizeni polisi hali ya usalama ya njia mnayotaka kushika, na jibu lao mlifuate hata kama halijawafurahisha. Usiku msisafiri. Pa kupiga kambi ni Kalacha, ukingoni mwa Chalbi: pana chemchemi, pana mikoma, na pana watu, Wagabra, ambao ndio wenyeji na wenye maji. Mwende na magari mawili, kila moja na magurudumu mawili ya akiba, kwa sababu yale mawe ya volkano hukata mpira ubavuni, na tundu la ubavuni halizibiki.

Sasa ndege. Asubuhi msikimbilie chemchemi gizani. Firigogo wale wenye tumbo la hudhurungi na mkia uliochongoka huja jua likishapanda, tuseme kati ya saa mbili na saa nne. Utawasikia kabla ya kuwaona. Kikosi kinapita kwa kasi, kinazunguka, kinapotelea upande wa pili, na mgeni anasema basi, wamekwenda. Hawajakwenda, wanakagua. Watatua mbali kidogo na maji, kwenye ardhi tupu, na pale chini watakupotea huku unawakodolea macho, maana mgongo wao na mchanga ni rangi moja. Kisha utaona kama ardhi inasogea: wanatembea kwa vimiguu vifupi, wanasimama, wanasikiliza, wanasogea tena. Wana haki ya kuogopa. Kozi, yule ndege mwindaji, naye anaijua saa hiyo na huwavizia. Mwishowe mmoja anakimbilia ukingoni, wote wanamfuata. Mdomo chini, kichwa juu, mdomo chini, kichwa juu, mara chache tu, na hao wamepaa. Haifiki nusu dakika.

Hiyo nusu dakika ndiyo mliyoifuata kutoka Nakuru. Mkiwa mmesimama wima ukingoni, watu kumi na wawili mmevaa fulana nyeupe za kikundi, hamtaipata. Wataenda kunywa kwingine, na pengine hakuna kwingine kwa karibu, hapo mmewatesa. Gawanyikeni sita sita. Sita wakae, sita wabaki kambini au waende kutazama ndege wa vichakani, kesho mbadilishane. Kaeni chini, jua likiwa mgongoni mwenu, hatua hamsini kutoka majini au zaidi. Gari lililozimwa ni kificho kizuri kuliko hema lolote la bei, kwa kuwa ndege wengi hawalihesabu kuwa mtu mpaka mlango ufunguke. Anayetaka kupiga picha akae tangu mwanzo pale anapotaka kupigia, asiinuke katikati. Katika kila kikundi yupo mmoja wa kuinuka katikati, na ninyi mnamjua tayari.

Jambo la wenyeji nalisema kwa mkazo. Maji yale yana wenyewe na yana zamu. Mkifika mtafuteni mzee anayesimamia maji, mmweleze mnataka nini, mkubaliane. Ngamia wakija, ninyi nyamazeni na kaeni hapo hapo. Utasikia kengele zao za mti kutoka mbali, watakunywa kwa muda wao, na kati ya kundi moja na lingine firigogo watateremka. Ndege wamewazoea ngamia, hawajawazoea walimu. Kuoga, kufua au kuosha sufuria kwenye chemchemi ni mwiko, hata maji yakionekana mengi kiasi gani.

Kuanzia saa nne hadi saa kumi alasiri laleni kivulini. Si uvivu. Ardhi inachemka, mazigazi yanacheza, na darubini ya miguu mitatu itakuonyesha ndege anayetetemeka bila umbo. Kadiri unavyovuta karibu ndivyo anavyozidi kuyeyuka. Tena pana upepo. Kaunti hiyo ndiyo iliyowekwa mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana, na haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Miguu ya darubini ifungeni mfuko wa mawe katikati isije ikaangushwa.

Jioni msirudi kambini mapema. Yupo firigogo mwingine, mwenye mistari myembamba mwili mzima, na dume ana nyeusi na nyeupe kwenye paji la uso. Huitwa firigogo wa Lichtenstein. Huyu hunywa jua likishazama na giza linaingia, na huweza kurudi tena kabla hakujapambazuka. Mtaona vivuli vinavyotua na mtasikia sauti. Tochi acheni mfukoni. Msomaji wa sheria ataniuliza kama ndege aliyeonekana kwa kivuli anaandikwa kwenye orodha, mimi naandika.

Nilisimulia barazani kwamba yupo ndege wa jangwani anayewabebea watoto maji kwa manyoya. Nimechekwa mpaka leo. Bwana Dereva, nitetee au unikanye. – Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

Waambie wenzako wakulipie kahawa, bwana. Ni kweli tupu, na ndege mwenyewe ni huyo huyo firigogo niliyemtaja hapo juu.

Wewe si wa kwanza kuchekwa. Mwingereza mmoja, Meade-Waldo, aliyekuwa akiwafuga firigogo kwenye vizimba vyake, aliliona jambo hilo mwaka 1896 na kulitangaza. Wasomi wengi hawakumsadiki kwa miaka mingi. Ilibidi watafiti wawili, Cade na Maclean, wawachunguze firigogo wa aina ya Namaqua huko jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, na kuandika matokeo mwaka 1967 ndipo ubishi ukaisha. Dume mmoja anaweza kunyonya karibu mililita 25 za maji kwa manyoya ya tumbo lake, yaani vijiko vitano vya chai, kisha akaruka kilomita nyingi hadi kwa vifaranga. Mengine humkauka njiani, lakini yanayobaki yanatosha.

Siri iko kwenye unyoya wenyewe. Ukiwa mkavu, nyuzi zake ndogo za katikati zimejiviringa na kulala. Zikiguswa na maji zinajinyoosha na kusimama wima kwa wingi, na maji yanashikwa kati yao. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, MIT na Johns Hopkins, waliutazama unyoya huo kwa hadubini zenye nguvu sana, wakionyesha jinsi kila sehemu inavyofanya kazi yake, na wanafikiria kutengeneza chupa za maji kwa mfano huo. Haya yote wapelekee barazani.

Anayebeba ni baba. Jike ana manyoya ya namna hiyo pia lakini hayafikii ya dume. Vifaranga huzaliwa ardhini, kwenye kishimo tu, na muda mfupi baada ya kuanguliwa wanatembea na kujiokotea mbegu. Wanachokosa ni mabawa ya kufikia maji. Baba akirudi anasimama wima, wanakuja chini ya tumbo lake na kuyakamua manyoya kwa midomo.

Mwalimu wa Nakuru naye asome hapa. Kikosi kikishakunywa na kupaa, msiondoe darubini. Mkiona dume amebaki nyuma, amejitosa majini hadi tumboni na anajitikisa mwili juu chini, juu chini, kwa dakika kadhaa bila kunywa, huyo ana watoto. Hapo mtu asikohoe. Ni kitendo cha hatari kwake, kwa sababu muda wote huo kozi anamwona.

Nimekutumia picha tatu nilizopiga kaskazini mwa mji wa Marsabit. Kwangu ni ndege mmoja wa kahawia mara tatu. Vipozamataza (wale ndege wadogo wa ardhini, kwa Kiingereza lark) wote wanafanana! Wewe unawatofautishaje? – Mpiga picha, Eldoret

Picha ya kwanza ni rahisi. Kichwa cha kahawia-nyekundu, doa jeupe utosini na shavu jeupe: huyo ni dume la kipozamataza-shomoro, na jike lake ndilo linalowatoa watu machozi kwa ukahawia. Picha ya pili ni mgongo tu. Ndege wa mgongo tu mwache aende zake.

Picha ya tatu imenifanya niwashe taa. Uso wenye kibarakoa cheusi, mwili wa rangi ya majivu ya kahawia, mdomo mnene wa rangi hafifu, chini mawe meusi. Huyo ni kipozamataza wa barakoa, ndege wa Ethiopia na Kenya kaskazini, na watu hutoka Ulaya kuja kumtafuta hapo hapo ulipompiga picha ukidhani ni yule yule wa kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na ndege, anza na ardhi. Vipozamataza hufanana na udongo wanaoukalia, na kila mmoja ana udongo wake. Dida Galgalu ni mawe ya volkano yenye nyasi fupi na vichaka vya chini. Hapo ndipo anapoishi kipozamataza wa Williams, ambaye haonekani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Alielezwa kisayansi mwaka 1956 na kupewa jina la John Williams, aliyekuwa msimamizi wa mkusanyiko wa ndege wa makumbusho ya Nairobi. Anajulikana kutoka sehemu mbili tu: Dida Galgalu na eneo la kati ya Isiolo na Garba Tula. Malori yetu yalimpita kila wiki na hakuna aliyesimama. Ukimtaka, simamisha gari mapema asubuhi kabla upepo haujaamka, tembeeni kwa mstari mmoja mpana, polepole, mita kumi kumi kati ya mtu na mtu, na mwangalie anayekimbia mbele yenu, si anayeruka. Akiruka mwoneni anatua wapi, na msimfukuze zaidi ya mara moja.

Naona aibu kuuliza, lakini nina miaka hamsini na minane na nimealikwa safari ya namna hiyo, wanaume na wanawake pamoja. Nasikia hakuna mti wala kichaka. Tunajisaidia wapi? Nimeamua siku hiyo nisinywe maji. – Mama, Thika

Mama, nakusihi, kunywa maji. Hilo kwanza. Nimeona mtu mzima, mwenye afya, akianza kuongea maneno yasiyoshikamana saa saba mchana kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja, na tuliacha ndege wote tukamkimbiza zahanati. Kwa nchi ile mimi hupakia lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na za kupikia, pamoja na pakiti za chumvi na sukari za kuongezea maji mwilini.

La pili nimewauliza wanawake ambao nimewahi kuwapeleka, kwa sababu mimi ni mwanamume na kwangu jambo hili halijawahi kuwa tatizo. Wamesema hivi. Kiongozi atangaze kabla ya safari, mbele ya wote, kwamba kila baada ya saa moja na nusu gari litasimama, wanaume mbele ya gari, wanawake nyuma, na hakuna anayegeuza shingo wala darubini. Likitangazwa mapema aibu inaisha. Kila mwanamke abebe leso mbili, moja ya kujifunga kiunoni na moja ya kushikiwa na mwenzake. Mwavuli mkubwa uliofunguliwa upande wa upepo unafanya kazi ya ukuta. Karatasi zirudi kambini kwenye mfuko. Jangwani haziozi, zinapeperuka tu hadi kwenye boma la mtu. Na kiongozi akicheka unapomuuliza haya, tafuta kikundi kingine.

Magoti uliyoyataja mwishoni mwa barua yako hayana neno. Kazi kubwa ni kukaa. Beba kigoda kinachokunjwa.

Mimi ni kijana wa North Horr, nimemaliza kidato cha nne, ndege nawajua kwa jina la nyumbani. Nataka kuwa mwongozaji. Wageni waliopita hapa walikuwa wakicheza sauti za ndege kwenye simu ili ndege watoke. Ni sawa? Na nianzie wapi? – Kijana, North Horr

Mwanangu, si sawa, hasa huko kwenu. Ndege akisikia sauti ya mwenzake anadhani mpinzani ameingia eneo lake. Anaacha kivuli, anaacha mayai, anatoka juani kupigana na simu. Sehemu za baridi atapoteza muda. Kwenye joto la North Horr yai lililoachwa wazi mchana halichukui muda mrefu kuharibika. Mwambie mgeni kwa adabu kwamba hapa hatuchezi sauti, na umwonyeshe ndege kwa njia yako. Akishupaa, mwache atafute mwongozaji mwingine. Hatampata, hapo upo peke yako.

Kuhusu kuanza: unacho tayari ambacho mimi sina. Unajua kisima gani kina maji mwezi gani, na wachungaji wanakwambia walipomwona mbuni na tandawala jana. Kinachobaki ni majina ya vitabuni. Jifunze la Kiingereza na la kisayansi, kwa kuwa mgeni wa Japani na wa Ujerumani watakutana hapo kwenye la kisayansi. Anza na ndege ishirini wa kisimani kwenu, uwajue dume, jike na kinda, kabla ya kugusa wa ishirini na moja.

Kuna mradi wa ramani ya ndege wa Kenya ambao umeigawa nchi katika viraba vya kilomita tisa hivi kila upande. Unatembea kwenye kiraba kwa angalau saa mbili, unaandika kila ndege kwa mpangilio uliowaona, unatuma kwa simu. Viraba vya Nairobi vimeandikwa mpaka vimechoka. Vya kwenu vingi vinasubiri mtu. Orodha zako ndizo zitakazokutambulisha kabla hujaonana na mtu. Ukipata nafasi ya kufika Nairobi, fika Makumbusho ya Taifa Jumatano asubuhi. Matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia hapo yapo tangu miaka ya 1970, na kwa miongo mingi aliyeyaongoza ni Bi. Fleur Ng'weno. Utatembea na watu wanaojua kuliko mimi, na hawana kiburi. Halafu kuna mitihani ya chama cha waongozaji wa safari wa Kenya, ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Anza na shaba.

Darubini usinunue ile ndogo ya kuchezea inayouzwa barabarani. Tafuta iliyoandikwa 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo chake cha mbele ni milimita 42, hata iwe ya mtumba, mradi ukiitazama nguzo ya mbali uone nguzo moja, si mbili.

Malipo kubaliana na wageni kabla gari halijawashwa, na humo humo taja fungu la wenye kisima, ulitaje kwa sauti mbele ya mzee wao.